Wekundu Kwenye Buti la Jiwe

Mpaka leo sipendi kuona maji mekundu kwenye ndoo. Nikifua kanga mpya ikachuja rangi, namwaga haraka kabla sijaangalia vizuri, kama mwizi. Wenzangu niliowahi kukaa nao chumba kimoja hunicheka, wanasema naogopa damu. Siogopi damu. Nimezaa, na kuku niliowachinja mimi wangejaza banda. Ninachokiogopa ni ile asubuhi niliyoosha jiwe.

Nilikuwa dada wa kazi kwenye fleti moja Jumeirah Village Circle, ghorofa ya tisa, kwa mume na mke wa Kihindi waliokuwa wakitoka asubuhi na kurudi jioni. Nawaita sir na madam, kama kila mtu anavyowaita mabosi wake kule. Ilikuwa safari yangu ya pili Dubai. Ya kwanza iliisha kabla ya mwaka kwa sababu ya pasi niliyoisahau juu ya abaya ya madam wa wakati huo. Khalas, kesho yake nipo uwanja wa ndege na begi langu, na nyumbani Muheza nikapokewa na maswali kuliko salamu. Kwa hiyo nilipopata viza mara ya pili nilijiapiza: safari hii sirudishwi na mtu. Nalisema mapema ili msomaji ajue ninajitetea kwa kitu gani, ingawa utetezi wenyewe hautoshi.

Mama yake sir alikuwa akiishi nao. Nyumba nzima ilimwita Ba, maana kwao ndiyo mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nahangaika na jiko lao, nikalitukana kwa Kiswahili nikijua niko peke yangu. Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Jiko hapana kosa. Wewe nawasha vibaya."

Nikageuka, karibu niangushe sufuria. Kizee kidogo, sari nyeupe, miwani mikubwa. Kumbe alizaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka karibu na soko, akaolewa India akiwa na miaka kumi na minane na hakurudi tena. Nikamwambia, "Shikamoo Ba," akashika mlango wa friji kwanza ndipo akajibu, "Marahaba." Alisema hajaamkiwa hivyo tangu aolewe. Kuanzia siku hiyo tulikuwa na lugha yetu sisi wawili, ambayo mwanawe wala mkwewe hawakuijua hata neno moja, na sitakataa kwamba tuliwasengenya sana.

Jiwe lililetwa mwezi wa tatu wa kazi yangu. Sir alilinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga nyumba na kurudi kwao. Wanaume wanne walilipandisha kwa lifti ya mizigo likiwa limefungwa mablanketi, wakaliweka sebuleni karibu na mlango wa roshani, juu ya meza fupi ya chuma. Blanketi lilipotoka nikasema astaghfirullah kwa sauti.

Ilikuwa sanamu ya mungu wao wa jua. Sir alisema ina miaka elfu moja na zaidi, na alivyosema ungedhani ameichonga yeye. Urefu wake ulinifika kiunoni, rangi ya vumbi la barabarani. Huyo mungu amesimama wima, kofia ndefu kichwani, na ua kubwa limechanua juu ya kila bega. Maua yapo, mikono iliyoyashika haipo, imekatika kwenye viwiko. Pua nayo imekwenda. Chini kuna farasi saba wadogo, na miguu yenyewe imevaa buti mpaka karibu na magoti. Buti! Miungu yote niliyoiona kwenye kalenda za maduka ya Wahindi iko pekupeku, huyu kavaa kama mlinzi wa benki.

Nilimuuliza Ba kuhusu zile buti. Akaniambia miguu ya jua haionyeshwi. Fundi akiichonga wazi, anapata ukoma.

"Kwa hiyo fundi nafunika," akasema. "Fundi hapana mjinga."

"Na wewe Ba utaiomba hii?"

"Hapana. Hii imevunjika. Mungu ikivunjika, hapana omba tena. Nakaa tu, kama mimi."

Akacheka, nami nikacheka, sikuwa najua nacheka nini.

Mama yangu kwenye simu hakucheka. Alitaka kujua kama kweli mtoto wake aliyesoma madrasa anasafisha masanamu ya watu.

"Mama, nafuta vumbi tu. Siabudu."

"Vumbi la sanamu ni sanamu," akanijibu, na kwa wiki nzima nikawa nalifuta lile jiwe huku nasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Sikuogopa kwamba litaniroga. Kilichonisumbua ni uso. Hauna pua, lakini midomo ilikuwa mizima, na ilikuwa kama ya mtu aliyesikia jambo lako na hajaamua kama atalisema. Nikifagia kutoka jikoni nilihisi linanitazama. Nikifagia kutoka mlangoni, vilevile.

Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Roshani yetu ilitazama magharibi, lakini jengo la mbele yetu lilikuwa vioo vitupu, basi jua lilipochomoza nyuma yetu liligonga vile vioo likarudi kwetu. Jua liliingia nyumbani asubuhi kutoka magharibi, upande lisikopaswa kutoka, likatua usoni pa lile jiwe kwa muda mfupi, na ile midomo ikaonekana kama imelowa. Sisi Waislamu tuna mafunzo yetu kuhusu jua kutokea magharibi: ni dalili ya Kiyama. Kila siku wakati huo nilijitafutia kazi jikoni.

Ba yeye ndio ulikuwa wakati wake. Alitoka roshani na kopo lake la shaba, akainua mikono, akamimina maji taratibu kulisalimu jua lililokuwa kwenye vioo vya jirani. Nikamwambia, "Ba, jua lenyewe liko nyuma ya nyumba." Akasema anajua, lakini nani atakwenda huko nyuma na magoti haya, yeye anasalimu hapa na mwenyewe atasikia. Maji nayo yalidondoka kwenye roshani ya ghorofa ya nane. Mlinzi wa jengo, Mkenya mmoja mcheshi, alipanda mara mbili.

"Dada, huyo mathee wenu amemwaga maji tena kwa balcony ya watu. Jirani ame-complain mpaka kwa office. Si mumshow atumie ndoo?"

Tukaanza kutumia ndoo. Lakini malalamiko yalishamfikia sir, na yakaungana na mengine: siku Ba aliyosahau gesi, siku aliyotoka kwenda kutupa taka akabonyeza kengele za milango isiyo yetu. Madam akaanza kuangalia kwenye simu nyumba moja ya wazee huko kwao India. Ba alinihadithia haya mwenyewe, tukiwa tunamenya vitunguu saumu mchana.

"Mimi hapana ogopa kufa," akasema. "Mimi naogopa ile nyumba tu. Pale hapana mtu nakujua. Nakalisha wewe kwenye kiti, nangoja wewe kwisha."

"Hawawezi kukupeleka Ba. Sir anakupenda."

"Ananipenda," akasema. "Lakini yeye nachoka."

Mchana huo, na mingine mingi, nilimwona akifanya kitu ambacho sikukitilia maanani. Alipopita karibu na jiwe aliinama kwa shida, akatia ncha ya kidole nyuma ya kisigino cha buti la kushoto, kisha akapeleka kidole kichwani, pale nywele zinapogawanyika. Nilidhani anajikuna.

Halafu ikaja hiyo asubuhi. Madam alikuwa na wageni wa kazini kwake siku ya pili yake, na akiwa mlangoni anavaa viatu akaniambia nisafishe nyumba vizuri, na lile jiwe pia, limekaa chafu. Basi. Hakusema zaidi, wala mimi sikuuliza zaidi. Kazi ya nusu nusu siijui. Kwetu jiwe la kusagia likishika uchafu unalisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka liwe jeupe, na mama yangu alikuwa akipitisha kidole kukagua. Makumbi sikuwa nayo. Nilikuwa na waya wa kusugulia masufuria, sabuni ya unga, maji ya moto, jiki na mswaki wa zamani. Ba alikuwa amemeza dawa yake ya presha akalala.

Nilianza na kofia nikashuka. Juu uchafu ulikuwa kidogo. Kiunoni, kwenye mikunjo ya mkanda, na chini kwenye buti na katikati ya wale farasi, kulikuwa na kitu cheusi chenye mafuta, kimekaa tabaka kwa tabaka. Nilipokilowesha kwa maji ya moto kikageuka chekundu. Nikafurahi, maana uchafu ukibadilika rangi ujue unatoka. Nyuma ya kisigino cha kushoto kulikuwa na kishimo cha kiasi cha ncha ya kidole, kimejaa huo wekundu umekauka kama sabuni ya zamani. Nikauchokoa kwa mpini wa uma. Nilikuwa naimba, Mungu anisamehe. Nilimwaga ndoo tatu chooni, zote nyekundu, na nilipomaliza lile jiwe lilikuwa limepauka lote, na michirizi myeupe usoni pale jiki ilipopita. Nikarudi nyuma kuitazama kazi yangu. Kwa mara ya kwanza sikuona uso unaonitazama. Ulikuwa uso wa saruji tu.

Ba aliamka akaja anaburuta kandambili. Akasimama. Kisha akainama, akatia kidole kwenye kishimo, akakitoa, akakiangalia. Kilikuwa na maji matupu. Akakaa chini sakafuni, palepale kwenye majimaji, na sari yake.

"Ile nyekundu iko wapi?"

"Nimeitoa Ba. Ilikuwa uchafu."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga. Aliniambia ile ni rangi ambayo wanawake wa kwao hupaka katikati ya nywele wakiwa na mume, na wakienda kwa mungu humpaka na yeye. Wanawake wa mamia ya miaka walikuwa wamempaka huyu, kidole baada ya kidole, kabla hajavunjwa na kuuzwa. Mume akifa, mwanamke haipaki tena.

"Mume yangu nakufa, mimi naacha. Miaka kumi na moja. Lakini hii si yangu, hii ya wale wa zamani. Mimi naazima kidogo. Hapana mtu naona."

Nikatazama nywele zake, na kweli, pale katikati kulikuwa na alama hafifu ambayo ungedhani ni mkwaruzo. Nilitaka kukimbilia chooni. Nilikimbia kweli, nikasimama juu ya lile shimo kama mwehu, maji yalishakwenda zamani.

Sir alirudi mapema siku hiyo. Hakuwa amevua hata kiatu cha pili. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza, polepole, nani amefanya hivi. Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, nimejiuliza mara nyingi, na jibu linategemea siku. Kabla sijasema Ba akanyanyuka kwenye kiti chake, akaongea kwa lugha yao, akijipiga kifuani kwa kiganja. Sikuelewa maneno lakini kiganja nilikielewa. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa:

"Wewe nyamaza. Wewe nasema, kesho uko ndege. Mimi mama yake. Mimi atanifanya nini?"

Nikanyamaza. Sir hakufoka. Alikaa akashika kichwa, na nilipomwona hivyo nikajua Ba amekosea. Angekasirika ingepita. Yeye alikuwa na huzuni.

Wageni walikuja, jiwe likafunikwa shuka. Siku ya tatu sir akanifuata jikoni mwenyewe, akaniambia kwa upole kwamba mama yake haumwi mwili, anaumwa akili. Mtu mwenye akili zake hawezi kuharibu kwa mikono yake kitu anachokipenda. Atampeleka mahali pazuri, kuna bustani na daktari. Aliniomba nimsaidie kufunga vitu vyake.

Ilikuwa sentensi moja tu. Ni mimi, sir, siyo Ba. Naijua kwa Kiingereza, naijua kwa Kiarabu, niliifanyia mazoezi bafuni mbele ya kioo. Jumamosi nilikwenda hadi mlango wa chumba anachofanyia kazi, nikagonga. Akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Yes?"

"Sir, chai?"

Akasema ndiyo. Nikapika chai.

Nilimwendea Ba badala yake, kana kwamba yeye ndiye wa kunipa ruhusa. Alikuwa kitandani, mimi nimekaa chini nakunja sari zake.

"Ba, nikamwambie?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo, akaivaa.

"Wewe nataka kumwambia?"

Hakusema nyamaza safari hii. Aliniuliza swali, na akangoja jibu, akinitazama. Nikaendelea kukunja. Nilikunja sari zote, na zilipoisha nikaanza kukunja upya zile nilizokwisha kukunja. Naona aibu kuandika hivi kuliko nilivyoona aibu kufanya.

Aliondoka asubuhi ya siku ya kumi na mbili tangu nioshe jiwe, na sir akafuatana naye. Kabla ya kutoka alisalimu jua lake kwenye vioo, maji yakaingia ndooni. Nilimshikia begi mpaka chini kwenye teksi. Akanishika kiganja, akakigeuza, akaona ngozi ilivyobabuka na kupasuka kwa ile jiki.

"Paka mafuta ya nazi," akasema. "Kila siku."

Hilo ndilo la mwisho aliloniambia. Mlinzi alimfungulia mlango wa gari akamtania kwamba sasa jirani wa ghorofa ya nane atakosa mvua. Sijui kama yuko hai. Sikupata ujasiri wa kuuliza nilipokuwa na mtu wa kumuuliza.

Siku nne nilibaki na madam na lile jiwe. Madam alishaagiza meza ya kufanyia kazi, ikaingizwa chumbani kwa Ba. Asubuhi jua lilikuja kutoka upande wake ule mbaya, likatua kwenye uso niliousugua, nami nilisikia maji yakimiminwa roshani. Nilitoka mara mbili kuangalia. Ndoo ilikuwa kavu. Nikalifunga jiwe kanga yangu, madam akaitoa akauliza nina nini.

Sir alirudi siku ya tano, mchana. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya sanamu, kidole chake kwenye kile kishimo cha kisigino. Nilikuwa nimebeba trei ya chai.

"Nesi kule alimwambia amfinye vidole, kupima nguvu," akasema, bado amelitazama jiwe. "Hakuweza. Mama yangu hawezi hata kufungua chupa ya maji. Hilo nalijua miaka yote, nimelisahau vipi?" Akakitoa kidole kishimoni. "Ulimwona akilisugua?"

"Nilikuwa dukani, sir."

Akageuka. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu kwenye trei, mabaka ya ngozi mpya, mipasuko kwenye viungo vya vidole, akautazama mmoja, kisha mwingine. Nikajisemea khalas, imekwisha. Nitakuambia ukweli: ndani yangu kulikuwa na mtu aliyeomba aulize tena. Angeuliza mara moja zaidi ningesema, na Ba angerudi kwenye ndege inayofuata.

Kule chumbani kwa Ba madam alikuwa akiongea na simu, kwenye meza yake mpya. Sir akageuza kichwa akamsikiliza. Kisha akasimama, akachukua kikombe chake.

"Okay," akasema.

Asubuhi yake, kabla hawajaamka, nilikuta kwenye sinki glavu za mpira, mpya, bado ziko kwenye mfuko wake. Madam hakuwa ametoka jana yake. Sir ambaye hakuwahi kununua hata kiberiti kwa ajili ya jiko lile alishuka dukani akachagua saizi ya mkono wangu, kwa hiyo alijua ni nani aliyesugua.

Nilingoja siku nzima aseme mama yake anarudi. Hakusema, wala siku iliyofuata. Nikachana mfuko, nikazivaa, nikafungua bomba nikaosha vyombo.